Mabawa Yangu, Kamera ya Mtu, na Bima ya Kikundi

Bawa langu la kushoto lina urefu wa mita moja na robo, na la kulia halikubali kupitwa. Nikiyakunjua yote mawili nachukua nafasi ya watu watano waliosimama bega kwa bega. Kichwani navaa helmeti yenye matundu mawili madogo ya kuchungulia: ya mbele nayaona, ya pembeni nayakisia, ya nyuma namwachia Mungu. Ndivyo nilivyokuwa siku ile kwenye ukumbi wa maonyesho, sauti ya mtoto ilipoita nyuma yangu, "Wewe ndege!" Nikageuka kwa furaha. Bawa likapita juu ya kichwa cha mtoto bila kumgusa, likaikumba kamera ya mama mmoja iliyokuwa imesimama juu ya miguu yake mitatu, na kamera ikaenda sakafuni, lenzi imetangulia.

Nikiulizwa kama bima ya kikundi ina maana yoyote, jibu langu huanzia kwenye mlio ule wa kioo.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kosplei chenye watu 23. Kwa asiyejua, kosplei ni kushona, kuchonga na kubandika vazi la mhusika wa katuni, wa mchezo wa video au wa hadithi, kisha kulivaa na kumwigiza. Hatulipwi. Tunakwenda kwenye wodi za watoto, kwenye shughuli za kuchangisha fedha za hisani, kwenye maonyesho, na mara moja kwa mwezi tuna karakana ya kufundishana. Bima tuliyonayo ni ya kifurushi, yaani sehemu kadhaa ndani ya hati moja, imetengenezwa kwa ajili ya vikundi vya kujitolea vya kila namna: kwaya, wapanda milima, wacheza michezo ya kuigiza, watu wa usafi wa mazingira, na sisi tunaojifunga sponji. Huu ni mwaka wa tatu nailipia. Jina la kampuni nimelificha makusudi, maana nina malalamiko nayo na sitafuti ugomvi. Isitoshe, hati za aina hii hufanana kama watoto wa tumbo moja; ukiisoma moja hadi mwisho, ya pili haitakupa shida.

Nisijifanye kwamba busara ndiyo iliyotupeleka huko. Mwenye ukumbi alituambia bila cheti cha bima ya dhima, ile ya kulipa madhara tunayowasababishia wengine, hatuingii, basi. Nadhani vikundi vingi huifikia bima kwa njia hiyohiyo, mlango ukiwa umefungwa mbele yao. Mwenyekiti wetu alikasirika. "Sisi ni watu wa kujitolea," alisema, "nani atatushitaki?" Nilimwelewa, kwa sababu nami niliamini hivyo. Ila nilipoanza kuuliza nikakuta imani hiyo ina matundu kuliko helmeti yangu.

Chukua Marekani. Huko kuna sheria ya mwaka 1997 ya kuwakinga watu wanaojitolea katika mashirika yasiyotafuta faida. Inamkinga mtu binafsi kwa uzembe wa kawaida. Haimkingi aliyefanya makusudi wala aliyepuuza usalama wa wengine waziwazi, haimkingi aliyesababisha madhara akiendesha gari, na shirika lenyewe hailigusi kabisa: aliyeumia anaweza kulishitaki kama kawaida. Na hiyo ni nchi iliyojitahidi kuandika sheria. Sisi tulikuwa hata hatujajisajili. Katika nchi nyingi zenye mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza, kikundi cha namna hiyo hakina nafsi yake mbele ya sheria. Hakuna "kikundi" cha kushitakiwa, kuna watu tu, na watu wa kwanza kuonekana ni wale ambao majina yao yako kwenye karatasi. Karatasi ya kukodi ukumbi huwa naisaini mimi. Usiku ule sikulala vizuri.

Sasa fomu. Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu naamini ubora wa bima hii, au ubovu wake, uliamuliwa siku tuliyojaza fomu, muda mrefu kabla ya kamera kuanguka.

Fomu iliuliza aina ya kikundi na ikatoa visanduku: michezo, muziki, sanaa za jukwaani, mazingira, dini, mengineyo. Mwenyekiti alitaka tuweke alama kwenye "sanaa za jukwaani" tuandike "maonyesho ya mavazi" twende zetu. Lilikuwa kweli, na lilikuwa na bei nafuu. Katibu wetu akakataa. Huyu dada anafanya kazi ya ukutubi na hawezi kuona kisanduku kimewekewa alama isiyo yake. Akachagua "mengineyo", akaambatisha kurasa mbili. Aliandika kila kitu: mabawa yenye fremu ya alumini, mikuki ya sponji ngumu ya EVA, ileile ya kutengenezea kandambili, mapanga ya mbao, mashine ya moshi, mironjo, yaani miti mirefu ya kutembelea, ambayo kijana wetu mmoja huivaa akiigiza jitu, karakana yenye gundi ya mpira, visu vya kukatia, mashine za kupuliza hewa moto, na rezini, ile kemikali ya majimaji inayoganda kuwa plastiki ngumu. Akaeleza hata historia, kwamba jambo hili si wazimu wa jana: mwaka 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi jijini New York, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walihudhuria wakiwa na mavazi ya watu wa siku zijazo aliyoyashona Myrtle, na jina la kosplei likatungwa baadaye, miaka ya 1980, na Mjapani Nobuyuki Takahashi, kwa kuunga neno la vazi na neno la kuigiza.

Nilimwambia anawaandikia watu wa bima insha. Akanijibu, "Kaka, wao wakijua kidogo, siku ya shida watajua kingi."

Baada ya wiki mbili majibu yakaja, na swali la kwanza lilikuwa: je, mabawa hayo yanampaisha mvaaji? Tulicheka sana, lakini nikaona kuna mtu amesoma. Baada ya kujibiwa kwamba hayapaishi, kampuni ikatoa masharti yake. Mapanga ya mbao yanakubalika iwapo yatakaguliwa mlangoni na kufungwa kwenye ala yasichomolewe katikati ya watu. Moshi wa mashine sawa, moto wa aina yoyote hapana. Karakana sawa, lakini rezini itumike mahali penye hewa ya kutosha na asiyefika miaka 18 asiiguse. Mironjo imeondolewa kabisa. Ada ikapanda kidogo kuliko ile ya "maonyesho ya mavazi". Mwenyekiti akaguna.

Kanuni anayoifuata katibu wetu bila kuijua ina umri mkubwa. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield wa Uingereza alieleza kwamba mambo yanayopima hatari mara nyingi yanajulikana na upande mmoja tu, ule unaokata bima, na wa upande wa pili humwamini. Kwa hiyo asifiche. Gavana Carter alikuwa ameikatia bima ngome ya Marlborough, kule Sumatra, isije ikatekwa na adui, na Wafaransa wakaiteka kweli. Boehm, aliyemuuzia bima hiyo, akagoma kulipa, akidai amefichwa hali ya ngome. Kichekesho ni kwamba Carter alishinda, kwa kuwa mambo hayo Boehm aliyajua au angeweza kuyajua bila kuambiwa. Lakini sisi si ngome. Hakuna mtu wa bima anayeweza kukisia kwamba chini ya maneno "maonyesho ya mavazi" kuna kijana amesimama juu ya miti miwili, kichwa chake kiko mita tatu kutoka ardhini. Uingereza yenyewe imepunguza makali ya kanuni hiyo kwa sheria ya bima ya mwaka 2015, ili aliyekosea bila hila asinyimwe kila kitu. Hata hivyo mimi sitaki kuwa mtu wa kupima makali yaliyobaki.

Turudi kwa mama wa kamera.

Hati ina kifungu kinachosema mwenye bima asikubali kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Nilikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimekisomea hata wenzangu kwenye mkutano. Lenzi ilipopasuka, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Samahani sana mama, nitakulipa yote." Kilichoniokoa ni helmeti. Ndani yake nilisema sentensi kamili. Nje, kama walivyonieleza baadaye, ulisikika mvumo wa nyuki ndani ya mtungi. Katibu akafika mbio, akanisogeza kando kwa kunishika bawa, akamwambia yule mama, "Pole sana mama yangu. Umeumia popote? Ngoja tuandike tulichoona, watu wetu wa bima watakupigia."

Tangu siku hiyo nafundisha hivi kwenye kikundi: toa pole, usitoe ahadi. Kiswahili kimetupa neno ambalo haliingizi mtu hatiani. Pole tunampa hata aliyenyeshewa mvua, na mvua hatukuinyesha sisi. Ubinadamu hauzuiwi na kifungu chochote.

Tulipiga picha za kamera, za bawa, za mahali tuliposimama, na za mkanda wa njano ambao mwenye ukumbi alikuwa ameuweka sakafuni kutenga njia ya wapiga picha. Mimi nilikuwa nimeukanyaga. Hilo nalo tuliliandika. Taarifa ikatumwa usiku uleule. Siku ya nne akanipigia mtathmini wa hasara, kijana mwenye subira, akanihoji robo saa nzima kuhusu upana wa mabawa na kama huwa nina mtu wa kuniongoza. Nilikuwa naye, ila alikuwa amekwenda kunywa maji. Nikamwambia hivyohivyo.

Wakati nasubiri niliuliza kwa nini maswali yote yanamzunguka mtu wa kuniongoza. Wakala wetu wa bima akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Bima ya dhima hailipi kwa sababu tu kitu kimevunjika. Inalipa pale ambapo sisi, kisheria, tunapaswa kulipa, na mara nyingi hiyo maana yake ni kwamba tulizembea. Akanikumbusha kesi iliyotolewa hukumu mwaka 1932, ya Bi. Donoghue aliyekunywa soda ya tangawizi akakuta mabaki ya konokono kwenye chupa. Jaji Atkin alisema humo kwamba uchukue tahadhari usimdhuru jirani yako, na jirani yako mbele ya sheria ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Nikafikiria mkanda wa njano. Jirani yangu alikuwa mama yule, na mimi nilimpa mgongo wenye upana wa mita mbili na nusu.

Walilipa. Kutoka ajali hadi malipo ni wiki tano na siku mbili. Kiasi cha kwanza, kile ambacho hati inasema tujibebee wenyewe, kilitoka kwenye sanduku letu na kikalikausha. Mwenye kuijaza fomu akiona ada ndogo aangalie kwanza kiasi hiki, maana ndipo ada ndogo hujificha. Mama alilipwa thamani ya lenzi ilivyokuwa siku ile, lenzi ya miaka minne, si bei ya mpya dukani. Alinung'unika, na sikumlaumu. Kanuni naielewa: fidia ni ya kumrudisha mtu alipokuwa, isimpe zaidi. Ila kampuni ilimtumia barua ya mistari sita ambayo hata mimi niliisoma mara tatu. Nilikwenda kumweleza kwa mdomo. Siku hizi anatupiga picha bure, na husimama mbali.

Kuna faida nyingine ya sehemu hii ya dhima ambayo sikuijua mpaka ilipotufika. Mwaka uliofuata bwana mmoja alidai amejikwaa kwenye mkia wa joka letu akateguka mguu. Mkia ule ulikuwa ndani ya sanduku siku hiyo, picha zipo. Hakukuwa na cha kulipa, lakini palikuwa na barua kutoka kwa wakili wake, na barua ya wakili ikimfikia mweka hazina asiye na wakili humtoa jasho. Kampuni iliichukua, ikajibu kwa mwanasheria wake na kwa gharama yake, na jambo likaisha kwa barua mbili. Kwa siku ile peke yake ningelipa ada ya miaka mitatu.

Jambo jingine ambalo kila kikundi kingeuliza: je, mwanakikundi akimuumiza mwanakikundi mwenzake? Hati nyingi humhesabu mwanachama kama sehemu ya mwenye bima, na mtu hawezi kudai fidia kutoka kwake mwenyewe. Katibu aliuliza, wakaongeza kifungu kwamba wanachama wahesabiwe kama wageni wao kwa wao. Kwetu hilo ndilo jambo kubwa. Watu wa nje tunakutana nao saa tatu kwa mwezi. Sisi kwa sisi tunachomana na gundi moto kila tunapokutana.

Sehemu ya ajali binafsi nitaipita haraka. Ni jedwali: kidole kiasi fulani, jicho kiasi fulani, wiki ya kukosa kazi kiasi fulani, bila kujali nani mkosaji. Viwango ni vidogo. Kijana wetu aliyejikata na kisu cha karakana alilipwa bila maswali, na pesa ilitosha nauli ya kwenda kliniki na kurudi, pamoja na bandeji. Sehemu ya kuwakinga viongozi kwa maamuzi yao tunayo pia, sijawahi kuigusa, na naomba iendelee kulala.

Sasa malalamiko yangu.

Bima ya mali imeniangusha, na kosa si lao peke yao. Bomba lilipasuka kwenye stoo tunayohifadhia mavazi. Mavazi sita yalilowa. Sponji hukauka, lakini rangi ilibanduka kama ngozi ya nyoka, na vitambaa vikaota kuvu kabla hatujagundua. Nilipeleka dai nikiwa na furaha ya mtu aliyelipa ada kwa wakati. Nikaulizwa: thamani ya vazi moja mmeipataje? Nikasema vazi lile la chuma bandia limemchukua mwenyewe saa mia tatu. Wakanijibu kwa adabu kwamba hati inafidia gharama ya vifaa kwa risiti, na kazi ya mikono ya mwanachama ambaye halipwi haina risiti. Saa mia tatu zikahesabiwa sifuri. Nilimwangalia mwenye vazi usoni wakati namweleza hilo na natamani angekuwa amevaa helmeti.

Na si hilo tu. Nilipokuwa najaza thamani ya mali zote nilitaja nusu ya thamani yake halisi, nikiwaza kwamba mavazi yote hayawezi kuharibika siku moja, kwa hiyo kwa nini nilipie yote? Niliona nimekuwa mjanja. Kumbe hati ina kanuni ya uwiano: ukikata bima ya nusu, kila hasara, hata ndogo, unalipwa nusu yake. Tulipata nusu ya risiti. Nilirudisha hesabu kwa wenzangu nikiwa nimeinamisha kichwa, na hakuna aliyenisema, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Huo wa nusu ni ujinga wangu, nimeukubali. Lakini kampuni inayouza kifurushi kwa vikundi vya sanaa inajua fika kwamba mali ya vikundi hivyo ni kazi ya mikono. Wangeweza kuweka thamani ya kukubaliana kabla, kama wanavyofanya kwa michoro na ala za muziki za kale. Niliomba. Waliniambia inawezekana, kwa kila vazi kuwa na picha na tathmini ya mtu wa nje. Nani atathmini joka? Ninaendelea kutafuta. Kwa sasa kila mwanachama anapiga picha hatua kwa hatua na kutunza risiti hata ya uzi, na vazi la thamani halilali garini, kwa sababu kuna kighairi, yaani kifungu cha yasiyolipwa, cha gari lililoachwa bila mtu usiku, kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa 19 na ni kikali.

Lalamiko la pili ni vyeti. Kila mwenye ukumbi anataka cheti chenye tarehe yake, na wengine wanataka jina lao liongezwe kama mhusika anayelindwa. Kampuni huchukua siku tatu za kazi. Wodi ya watoto hupiga simu Alhamisi ikituomba Jumamosi. Mara mbili tumeshindwa kwenda kwa kukosa karatasi, na mara moja kati ya hizo mtoto mmoja alikuwa amekwishaahidiwa joka. Wakala ni mwema lakini wikendi hapatikani, na wikendi ndiyo siku ya kazi ya watu wanaojitolea. Hilo sihitaji kuwa mtaalamu wa bima kuliona.

Jumamosi zisizo za kosplei huwa nasaidia kikundi cha usafi, wenye bima ya aina hii kutoka kampuni nyingine, na nimewahi kukaa na mwenzangu wa hazina tukalinganisha hati meza moja. Kwa wao hatari ni sindano zilizotupwa, mapanga ya kufyekea, na watu wasiojulikana wanaojitokeza siku ileile. Kwa hiyo hati yao inamtambua mtu wa kujitolea kuwa yeyote anayefanya kazi chini ya maelekezo ya kikundi, hata kwa saa moja. Yetu ilisema "wanachama walioorodheshwa". Nikashituka. Yule anayeniongoza nikiwa na mabawa, mara nyingi ni binamu ya mtu, rafiki ya mtu, mtu yeyote mwenye macho. Hayumo kwenye orodha. Angemkanyaga mtu akiwa kazini kwetu, tungekuwa tunabishana. Niliandika barua jioni ileile na maneno yakabadilishwa bila nyongeza ya ada. Hawakuwa wabishi; hawakuwa wameulizwa tu. Mwenzangu naye aliondoka na jambo la kwake: hati yao haikutaja vitu wanavyogawa, na wao hugawa vinywaji.

Kwaya ya jirani zetu, wanaotumia ukumbi baada yetu, wana kampuni hii hii na hawana hata neno moja la kulalamika. Wanasimama, wanaimba, wanakaa. Hatari yao kubwa ni waya wa kipaza sauti. Mtu akisoma sifa za kampuni kutoka kwa wanakwaya akadhani zitamfaa yeye anayecheza na moto, shauri yake.

Jambo moja dogo la utunzaji wa karatasi. Dhima ya hati yetu inafuata tarehe ya tukio, siyo tarehe ya kudai: inayolipa ni hati iliyokuwepo siku jambo lilipotokea. Sisi hukaa na watoto sana, na katika nchi nyingi muda wa mtoto kudai hauanzi kuhesabiwa mpaka afikie utu uzima. Dai la leo laweza kuja mimi nikiwa mzee, mabawa yameshaliwa na mchwa. Kwa hiyo hati za zamani sizitupi. Ziko kwenye faili jekundu, na mweka hazina atakayenirithi atalipokea kabla ya funguo za stoo.

Kwa alama: dhima naipa tisa kwa kumi, na ile moja nimeikata kwa barua ya mistari sita. Ajali binafsi tano. Mali tatu, nayo ni kwa sababu ya mtathmini aliyekuja stoo akavua viatu asikanyage mavazi yaliyoanikwa. Huduma ya vyeti mbili. Tunabaki nao mwaka huu.

Fomu ya kuendelea na bima imefika juzi. Ni ileile, isipokuwa swali la 14, jipya: kuna kifaa chochote kinachojiendesha au kusogea chenyewe? Kijana wa mironjo, baada ya kunyimwa mironjo, amejinunulia mota tatu ndogo na betri, na joka letu sasa linapiga mkia bila kuguswa. Katibu ameandika "Ndiyo", akaambatisha mchoro wenye vipimo, kasi ya mkia, na umbali ambao watu wanapaswa kusimama. Kurasa nne safari hii. Mwenyekiti amesaini bila kuguna.